Rangi ya Kitambaa cha Tobias Were

Tobias Were alikuwa na suti moja ya maana, ya kijivu kizito, na kwa miaka mingi aliivaa kortini, kanisani na mazishini bila kubadilisha chochote. Shati jeupe. Tai ya buluu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, yenye vitone vyeupe ambavyo ukisimama mbali huvioni. Viatu vyeusi vya kamba. Sisi tuliofanya kazi naye katika ofisi ya mawakili kule Hurlingham, yeye akiwa karani wa kupeleka na kuchukua majalada kortini, tulikuwa tukisema kwamba ukimkosa Were kwenye veranda ya mahakama, tafuta nguzo ya kijivu inayotembea.

Hakukasirika. Marehemu baba yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Friends kule Kimilili, na alimlea akimwambia kwamba nguo ikipiga kelele, mwenye nguo hasikiki.

Alikuja Nairobi akiwa kijana na akapanga Kabiria, katika ploti ya Mkikuyu mmoja, Mungai. Hapo ndipo alipomleta mkewe Peres, na hapo ndipo watoto wao walipozaliwa, wakacheza uani na watoto wa Mungai hadi wakazungumza Kikuyu zaidi kuliko Kibukusu. Were mwenyewe alikielewa Kikuyu chote, ila hakukizungumza. Ulimi wake ulikataa. Hata kwa Kiswahili, herufi ya b ilimponyoka ikawa p, na binti yake mkubwa, Namalwa, alizoea kumcheka kwa hilo.

Namalwa ndiye aliyeleta harusi nyumbani. Alipendana na Kibe, mwalimu wa shule ya msingi, mwana wa Ndegwa na Hannah wa Riruta. Wazee walikutana, wakanywa chai, wakazungumza mahari, wakakubaliana kwamba watoto wataoana mwezi wa pili, mwaka wa 2008. Hakuna aliyeona tatizo. Mkikuyu wa Riruta na Mbukusu wa Kabiria walikuwa wakinunua nyama kwa mchinjaji mmoja.

Kisha, mwishoni mwa 2007, kura za urais zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na nchi ikawaka.

Kawangware nyumba zilichomwa. Barabara ya kuja Kabiria iliwekwa mawe na magurudumu yanayofuka moshi, na vijana wakawa wanasimamisha watu na kuitisha vitambulisho. Kitambulisho kilikuwa na jina, na jina lilitosha kutaja kabila. Asubuhi moja Mungai alimwita Were kando ya tangi la maji. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

"Baba Namalwa," alisema, "giza likiingia usitoke. Na ukisikia mtu anabisha, usifungue. Hata ukisikia ni sauti yangu, usifungue."

Were alimtazama mtu aliyeishi naye ua mmoja zaidi ya nusu ya umri wake. Tangu siku hiyo alilala na viatu miguuni.

Watu walijifunza kusomana nguo. Upande mmoja wa siasa, uliohesabiwa wa watu wa magharibi, ulikuwa na rangi ya machungwa, na ule mwingine, uliohesabiwa wa Wakikuyu, walisema watu, ulikuwa na buluu. Mama mmoja muuza sukuma wiki alipigwa sokoni kwa sababu ya kilemba chake cha rangi ya machungwa, alichopewa na dadake hata kabla ya kampeni kuanza. Were alianza kuivua tai yake kila jioni kabla ya kutoka ofisini, akaikunja na kuitia mfuko wa ndani. Asubuhi aliivaa tena chooni mwa ofisi. Tuliona. Kila mmoja wetu alikuwa na lake la kuvua njiani.

Kulikuwa na mazungumzo ya kuahirisha harusi. Ndugu za Were kutoka Kimilili walituma ujumbe kwamba hawatakanyaga Nairobi, na baadhi ya jamaa za Ndegwa walisema hawatakaa meza moja na watu wa magharibi. Lakini Namalwa alikataa. "Tukiahirisha," alisema, "haitakuwepo tena." Basi wakaihamisha, ikatoka kanisa la mtaani na kuletwa kanisa moja dogo upande wa Hurlingham, ambako walinzi walikuwa wengi na moshi ulikuwa mbali.

Ndipo likaja suala la kitambaa. Hannah, mama yake Kibe, alitaka baba wote wawili wavae kitambaa cha maua kwenye mfuko wa koti, ili picha zionyeshe kwamba wazee wamekubaliana. Namalwa alimletea baba yake habari hiyo akiwa anakula.

"Baba, suti yako ni ya mazishi," alimwambia. "Weka hata kahanchifu hapo juu, kenye maua kidogo. Sitaki siku yangu nikuangalie nione jeneza."

Were aliacha kutafuna. "Ka rangi gani?"

"Yoyote itakayokaa na tai."

Yoyote! Namalwa alipotoka, Were na Peres walikaa wakihesabu hatari. Chenye machungwa hakifai, angeuawa kabla ya kufika kanisani, au wakwe wangedhani anawatukana madhabahuni. Chenye buluu nacho kingemfikisha pabaya kwingine. Chekundu?

"Nyekundu ni damu," alisema Were.

"Kijani basi."

"Kijani nacho ni cha nani siku hizi? Mimi sijui. Wewe unajua?"

Peres hakujua. "Nenda mjini uangalie kwa macho," alisema. "Kitu ukikiona hakikutishi sana."

Ikawa hivyo. Katikati ya wiki, baada ya kuacha majalada kortini, Were alitembea hadi River Road akiwa na tai mfukoni na moyo mkononi. Barabara ilikuwa na watu, ila hawakuwa wakisukumana kama kawaida. Kila mtu alitembea akiacha nafasi ya kukimbilia. Wenye maduka ya mabomba na misumari walikuwa wamesimama milangoni, mkono mmoja kwenye mlango wa chuma.

Aliingia katika duka la mama mmoja Mkamba aitwaye Munyiva. Duka lilikuwa jembamba kama korido, suti za kukodisha zimening'inia pande zote mbili, tai na mishipi mwishoni. Mteja mwingine alikuwa mmoja tu, mzee wa rika la Were, mwenye jaketi zito na kofia ya sufu aina ya marvini, akipima mshipi kiunoni.

"Karibu, mzee. Nikusaidie nini?" aliuliza Munyiva.

"Natafuta hanchifu ya mfuko wa koti. Msichana wangu anaolewa Jumamosi."

"Hongera! Utavaa na tai gani?"

Were alisita. Aliangalia mlangoni, kisha akaitoa tai yake polepole kama mtu anayetoa kitu cha wizi. Munyiva aliichukua, akamfunga mwenyewe shingoni, akarudi nyuma akamtazama.

"Suti ni ya heshima," alisema. "Sasa sikiliza. Usichukue kitambaa cha namna moja na tai. Utaonekana umenunua seti ya kutundikwa dirishani. Tai yako ina vitone vidogo, kwa hivyo kitambaa kiwe na maua tofauti, makubwa kidogo kuliko hivyo vitone, lakini yasiwe ya kupiga kelele. Na ndani yake kuwe na kauzi kamoja tu kanakosalimiana na tai. Kamoja kanatosha."

Alimwagia vitambaa juu ya kaunta. Vingine vilikuwa vya mistari, vingine vya miraba kama drafti, vingine vya maua ya korosho yaliyopinda mkia kama yale ya kwenye kanga. Were hakuona maua, aliona rangi tu. Mkono wake ulirukaruka juu ya vitambaa kama mtu anayetafuta njia kwenye miiba.

"Hiki?" Munyiva aliinua kimoja chenye maua ya dhahabu.

"Hapana. Kutoka kule mlangoni kitaonekana machungwa."

Munyiva alimtazama vizuri, na sasa akaelewa. Alivitoa vyote vyenye dhahabu, vyote vyenye buluu nyingi, akavirudisha sandukuni. Kisha akachomoa kimoja chenye wekundu wa kukaribia weusi, korosho ndogondogo za kijivu zimetawanyika, na uzi mwembamba wa buluu ukingoni. Alikisukuma mfukoni mwa koti la Were, akakilegeza juu kidogo kwa vidole viwili. "Usikikunje kama bahasha," alisema. "Kiache kipumue."

Were alijiona kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona kwamba kifua chake kilikuwa na mahali pa kutazamwa.

"Rangi hii inaitwaje?"

"Damu ya mzee."

Were alikumbuka maneno yake mwenyewe kwa Peres. Alitaka kukitoa. Kabla mkono haujafika mfukoni, mlipuko ulisikika nje, kisha mwingine, na River Road yote ikapiga kelele kwa wakati mmoja. Milango ya chuma ilianza kushuka mtaa mzima. Munyiva alikimbia, akauvuta wake hadi chini na kuufunga kwa ndani. Giza likawaingia. Moshi wa vitoa machozi ulipenya chini ya mlango, wote watatu wakaanza kukohoa huku wamejifunika midomo kwa mikono ya makoti ya kukodisha.

Mle gizani, mzee mwenye marvini alimwuliza Were kwa Kikuyu ametoka wapi.

Lilikuwa swali la kawaida, sauti yenyewe ilikuwa ya chini. Were alilielewa neno kwa neno. Alijua jibu lake kwa Kikuyu, alikuwa amelisikia uani kwa miaka yote ile. Lakini akifungua mdomo tu, angejulikana. Alinyamaza. Akasikia yule mzee naye amenyamaza, na akajua kwamba kunyamaza kwake kumeshajibu.

Walikaa hivyo. Were alisikia pumzi za yule mtu, akafikiria jaketi lile zito na kinachoweza kuwa ndani yake. Huenda mwenzake naye alikuwa akiliwaza koti lake la suti vivyo hivyo.

"Humu ndani kuna wateja tu," alinong'ona Munyiva. "Mmesikia? Wateja tu."

Nje miguu ilipita mbio, ikarudi, ikasimama. Chuma kikagongwa kwa chuma.

"Mathe, fungua! Tunajua uko na watu hapo ndani!"

Chuma kikagongwa tena.

"Fungua ama tuwashe moto!"

Kilichomtisha Were zaidi ni kwamba hakuweza kujua vijana wale ni wa upande gani. Walizungumza Sheng, lugha ya vijana wa mjini, na Sheng haina kabila. Wangeweza kuwa wa kumwua yeye au wa kumwua yule mzee. Akasikia harufu ya petroli, au akadhani amesikia. Munyiva naye huenda aliisikia, kwa sababu aliinuka, akafungua kufuli na kuinua mlango hadi kiunoni.

Vijana watatu waliingia wakiinama. Mmoja alikuwa na chuma cha ujenzi, wengine rungu. Macho yao yalikuwa mekundu, yakichuruzika machozi ya moshi.

"Vitambulisho," alisema mwenye chuma.

Were alitoa chake. Kadi ikagongagonga pete ya mkono wa yule kijana. Mzee wa marvini naye alitoa chake. Kijana alikisoma cha kwanza. Akakisoma cha pili. Akawatazama wenzake.

"Huyu ni wa huku na huyu ni wa kule," alisema. "Mnafanya nini pamoja?"

Munyiva alifungua mdomo, lakini mzee wa marvini alimtangulia.

"Tunatafuta nguo za harusi," alisema kwa utulivu, kana kwamba ameulizwa saa. "Kijana wangu anaoa msichana wa huyu mzee. Jumamosi."

Were akakumbuka kwamba mzee alikuwa pale alipomtajia Munyiva habari ya harusi. Kijana akamgeukia.

"Ni ukweli, buda? Unapatia huyu mtoto wako?"

"Ni kweli," alisema Were. Sauti yake ilitoka, na zile p zake zikatoka nayo bila haya. "Pinti yangu anaitwa Namalwa. Kijana anaitwa Kipe."

"Kibe," alisema mzee wa marvini, akitikisa kichwa kama baba aliyezoea jina la mwanawe kuharibiwa.

Kijana hakuridhika. Alimsogelea mzee, akamwekea ncha ya chuma kifuani. "Na huyo Kibe wako anafanya kazi gani?"

Mzee yule hakujua lolote kuhusu Kibe, wala Were hakuwa na njia ya kumwambia.

"Kazi?" alisema mzee. "Kazi iko wapi hii Nairobi? Wewe unayo?"

Kisha mmoja wa wale wenye rungu alicheka. Kicheko cha kukwaruza, kilichoishia kwenye kikohozi. Wa pili naye akacheka. Mwenye chuma hakucheka, ila aliishusha ile ncha. Alinyoosha mkono kifuani kwa Were, na Were akafumba macho akijua ndio mwisho. Kijana alichomoa kile kitambaa mfukoni, akajifutia macho yake yanayochuruzika, akakitia mfukoni mwake. Filimbi za polisi zikasikika upande wa stendi. Walivitupa vitambulisho sakafuni, wakanyakua mishipi kadhaa wakatoka wakikimbia.

Munyiva aliushusha mlango tena. Were aliketi juu ya sanduku la viatu. Hakuwahi kujua walikuwa wa upande gani.

Mzee wa marvini aliinama, akaviokota vitambulisho vyote viwili. Alimpa Were chake bila kukigeuza kukisoma.

"Kwani ni kweli anaolewa na kijana wetu?" aliuliza, sasa kwa Kiswahili.

"Ni kweli. Kijana ni wenu."

Mzee alikaa naye kwenye sanduku. Mikono yake, Were aliona sasa, ilikuwa ikitetemeka zaidi kuliko ya kwake. "Basi sikusema uongo mwingi," alisema.

Walingoja moshi upungue. Munyiva, ambaye hakujua afanye nini kingine na vidole vyake, alivimwaga tena vitambaa kwenye kaunta na kuwasha tochi ya simu. Were alishika cheupe kitupu. Hakutaka kingine, hakutaka rangi tena maishani.

"Hicho utaonekana umefunga kidonda," Munyiva alikataa.

Mzee wa marvini ndiye aliyekiona. Kilikuwa cha rangi ya chai ya maziwa, korosho nyeupe ndogo, na uzi wa buluu uliopita katikati ya ua kwa shida, usiouona mpaka usogee karibu. Alikiweka juu ya koti la kijivu, karibu na tai.

"Chukua hiki," alisema. "Hakuna chama cha rangi ya chai."

Walipotoka, barabara ilikuwa tupu, mawe yametapakaa, na kiatu kimoja cha mwanamke kimelala katikati. Yule mzee alielekea upande wa stendi za magari ya Thika, na Were akaelekea upande wa pili. Hawakupeana mikono wala kuambiana majina. Were alitembea hadi Hurlingham akishika ukuta kila gari lilipopiga mlio. Ofisini alitwambia tu kwamba amechelewa kwa sababu ya vitoa machozi.

Siku ya harusi viti vya upande wake vilikaliwa na Peres, watoto, mimi na wenzetu wachache wa ofisini. Upande wa Ndegwa ulijaa nusu tu. Mlinzi wa kanisa alipoangusha mnyororo wa lango wakati wa viapo, kila mtu aliinama, hata mchungaji. Namalwa alibaki amesimama peke yake na shela lake, akiwatazama watu wazima waliochuchumaa kati ya viti, na akaanza kulia. Kibe alimshika mkono hadi watu walipoinuka.

Were na Ndegwa walipiga picha. Kitambaa cha Ndegwa kilikuwa cha miraba ya kijani na kahawia. Hannah alivitazama vyote viwili, akasema havifanani lakini vinapendana. Were alikigusa chake mara nyingi siku hiyo, kuhakikisha kwamba kipo.

Watu walitawanyika mapema, jua likiwa bado juu, kwa sababu hakuna aliyetaka kukutwa njiani. Were na Peres hawakurudi Kabiria kwa wiki kadhaa. Walilala chumba kimoja kwa dada wa Peres. Amani ilipotiwa sahihi mwishoni mwa mwezi, Were aliisikiliza habari hiyo akiwa amekaa kitandani, na ndipo alipomsimulia Peres yaliyompata River Road, mwanzo hadi mwisho. Peres anasema Were alianza kulia alipofika pale pa kitambulisho kurudishwa bila kusomwa.

Walirudi. Mungai alikuwa amewalindia nyumba, hakuna sufuria iliyopotea. Yeye na Were walisalimiana kando ya tangi kama zamani, ingawa kwa muda mrefu, Were alipobishiwa mlango, aliuliza "Nani?" mara mbili, na alipoisikia sauti ya Mungai bado alingoja kidogo kabla ya kufungua.

Namalwa alipata mtoto wa kike mwaka uliofuata, akaitwa Hannah kama desturi ya wakwe. Jumapili alasiri Ndegwa huja Kabiria kumwona Were. Wazee hao wawili huketi uani na kuzungumza ng'ombe, mvua, na bei ya mahindi. Zile wiki hawazitaji. Redio ikianza habari za siasa, mmoja wao huinuka, akaipunguza sauti.